Ishirini na Nne Mbele, Thelathini Nyuma

Jumamosi, 14 Aprili 1979

Nimechukua daftari la shule la Hawah, kurasa zilizobaki. Yeye hana haja nalo tena. Ana miaka kumi na tisa, mimba ya miezi saba, na mume askari ambaye yuko kambini Masaka au kaburini, hatujui. Mimi nisipoandika nitampiga mtu.

Kampala imeanguka Jumatano. Leo askari wetu wameanza kuingia Arua, wengine kwa malori, wengine kwa miguu bila viatu. Wote wana hasira ya kushindwa. Hawatafuti adui. Wanatafuta magari ya kukimbilia.

Asuman wa duka la ngozi walimsimamisha karibu na msikiti baada ya adhuhuri. Leta funguo. Akasema gari ni la watoto wake. Wakampiga risasi ya shingo, wakamvuta miguu mpaka mtaroni, wakaondoka na gari huku kipande cha kanzu yake kimebanwa mlangoni. Nilikuwa ng'ambo ya barabara na kilo mbili za sukari. Nilikimbia. Sukari sikuiacha — hata sijui kwa nini naandika habari ya sukari.

Gari letu, Pijo, liko uani, jeupe, linaonekana tangu barabarani. Nasur, mume wangu, ni sajini wa kikosi cha malori. Walipompeleka vitani mwezi wa pili aliniachia agizo moja: gari liwe tayari saa yoyote, matairi yamejaa. Alinifundisha kuendesha mwenyewe, ili nimpeleke mama yake hospitali bila kumsumbua yeye. Sasa gari lililo tayari ndilo linaloua watu.

Jumatatu, 16 Aprili

Nimelifanya gari maiti.

Nimelipandisha kwa jeki, kona moja baada ya nyingine, nikaweka mawe chini. Kisha nikang'oa sindano za vali, zote nne. Upepo ulitoka kwa fujo mpaka kuku wakakimbia. Nikalipaka tope kwenye kioo cha mbele. Sindano nimezificha ndani ya kopo la simsim.

Habuba Medina, mama yake Nasur, alisimama mlangoni akalia kwamba naharibu mali ya mwanawe. Nilimwambia mali ya mwanawe ikiwa na upepo leo, kesho tutakuwa tunamzika mmoja wetu. Akasema mwanawe angejua la kufanya. Mwanawe, mwanawe. Miaka ishirini na moja nasikia wimbo huo.

Saa tisa wakaja askari wawili. Mmoja alilipiga tairi teke, likamjibu kama gunia tupu.

— Mama, hii gari iko na nini?

— Iko mgonjwa. Upepo hapana, betri hapana.

Alinitazama sana. Kisha wakaingia nyumbani, wakachukua redio, na walipotoka wakaiona pampu yetu ya mguu pale ukutani wakaibeba pia. Gari mgonjwa halihitaji pampu, alisema, akacheka. Habuba aling'ang'ania redio. Wakampiga kitako cha bunduki ubavuni. Amelala tangu saa hizo, akipumua nasikia kitu kinakwaruza ndani.

Gari limebaki. Lakini sasa sina cha kulijazia.

Alhamisi, 26 Aprili

Usiku na mchana bunduki. Kwenye pampu za petroli wameuana wenyewe kwa wenyewe, askari kwa askari, kwa debe moja. Watatu. Mmoja aliungua akiwa hai na watu walisimama mbali wakitazama. Harufu imeingia mpaka kwenye nguo zetu za kanga.

Mimi nina debe zima la petroli, nimelizika kwenye mihogo. Mpango wangu ni huu: wimbi hili la askari lipite, kisha twende Koboko, tuvuke mpaka wa Sudan, mpaka Yei kwa mama mdogo Poni. Hawah akajifungulie huko, penye mkunga na kitanda. Hapa kila mtu mwenye ujuzi amekimbia. Nimewazaa watano na kuwazika wanne, najua mimba ya kwanza inavyoweza kugeuka. Huyu ndiye aliyebaki. Simzalishi huyu kichakani.

Hawah hataki. Anasema mumewe atamtafuta hapa. Nilimzaba kofi. Halafu nikalia mimi, yeye hakulia.

Jumapili, 13 Mei

Sasa hata raia wanatutazama vibaya, sisi familia za askari. Mawe mawili juu ya bati jana. Mwanamke mmoja sokoni, nimenunua kwake muhogo miaka kumi, alimwaga maji machafu miguuni pangu makusudi. Akasema: Nyinyi ilikula, sasa nyinyi itatapika. Nilitaka kumrukia. Nilitazama waliosimama nyuma yake nikaona kila mmoja ana mtu wake aliyechukuliwa na hakurudi. Nikaenda zangu na miguu inanuka.

Wanasema Watanzania wamevuka mto pale Pakwach.

Jumanne, 22 Mei

Leo nimemvunja mtu.

Alikuja peke yake, askari mtu mzima, ndevu zina mvi. Hakutaka gari. Alitaka matairi. Ana lake bovu limekwama njiani, ameambiwa hapa kuna Pijo imekufa. Alipiga magoti uani kwangu akaanza kulegeza nati. Bunduki ameiegemeza kwenye bampa. Nilimwambia baba, niachie, nina mgonjwa. Hata hakugeuka. Alisema: Nyamaza, au mgonjwa itakuwa wewe.

Spana yetu ya magurudumu, ile ndefu, ilikuwa nyuma ya pipa la maji. Niliichukua kwa mikono miwili. Kipigo cha kwanza kilimpata mkono, nilisikia mfupa. Alipogeuka nikampiga tena begani, na tena. Alinyoosha mkono mzima kutafuta bunduki na Hawah, na tumbo lake lile, alikuwa ameshaichukua na kuitupa kisimani. Mwanangu! Alitoka akitambaa, kisha akasimama akakimbia ameshika mkono, anatukana kwa Kikakwa. Atarudi kesho kutwa na wenzake, atatuchoma humu ndani.

Nitasema kweli kwa kuwa hakuna anayesoma: kipigo cha tatu hakikuwa cha lazima. Nilikifurahia.

Lazima tuondoke. Nahitaji pampu. Mji mzima hakuna pampu, ila mtu mmoja anayo, na huyo ndiye mtu wa mwisho duniani ninayeweza kumwomba.

Jumatano, 23 Mei

Nimekwenda Pajulu kwa miguu, kwa njia ya mashambani, nimejifunika mpaka macho. Kwa Enoch Candia.

Huyu ndiye alikuwa fundi wa matairi pale sokoni. Upepo, pancha, yote yeye. Miaka miwili iliyopita Nasur alimpiga mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa kwenye gari. Walikuwa wanabishana juu ya upepo, basi, nikaona Nasur anamshika shingo, anamlaza chini, anamtolea bastola na kumwamuru alijaze tairi kwa mdomo. Alipuliza. Sijui dakika ngapi. Mashavu, mate, vumbi, macho yametoka. Watu walicheka kwa kuogopa. Mimi nilicheka bila kuogopa. Nilikuwa nakula njugu.

Nilimkuta anapalilia mtama. Alinitambua kabla sijafunua uso. Hakuniambia karibu. Nikaeleza: Hawah, mimba, Yei, pampu. Alinisikiliza huku ameegemea jembe. Kisha akaniuliza kama najua siku ile walibishana nini.

Nikasema upepo.

Akasema ndiyo, ilianza hivyo. Nasur alikuwa na desturi ya kupima matairi mchana baada ya safari, yakiwa moto. Geji, kile kipimo cha upepo, inasoma juu, yeye anapunguza. Asubuhi yakipoa yako chini, anatembea nayo hivyo hivyo. Fundi alimwambia, Afande, tairi hupimwa asubuhi, likiwa baridi. Lakini siyo hilo tu. Matairi ya nyuma yalikuwa yameliwa pembe zote mbili, katikati mazima. Hivyo ndivyo tairi linavyoliwa likibeba mzigo mkubwa na upepo mdogo, safari nyingi. Gari la familia, baba, mama na binti mmoja!

— Mimi nauliza yeye: Afande, hii gari nabeba nini usiku? Kuuliza tu. Sasa yeye anashika mimi.

Nilisema labda magunia.

Alinitazama. Akasema wiki ileile ndugu yake Ezati alichukuliwa dukani na watu wasio na sare, na hajaonekana tena. Nikamuuliza, kwa gari letu? Sauti ilinitoka ndogo. Akasema:

— Mimi najua tairi tu.

Nilikaa chini kwenye mtama wake. Nilikumbuka asubuhi zile Nasur akirudi alfajiri na kuosha mazulia ya gari mwenyewe, yeye asiyeosha hata kikombe. Mimi nilijisifu kwa majirani: mume wangu anapenda gari lake. Nilijua? Sikujua. Nilichagua kutouliza, na fundi wa matairi aliuliza. Nikamwomba msamaha kwa kicheko changu. Hilo tu ndilo langu la kuomba, mengine hayana msamaha.

Akarudia kupalilia. Alisema atakuja kesho kabla ya jua.

— Mimi hapana saidia wewe, Mama Hawah. Mimi nataka nyinyi naenda. Nasikia?

Nasikia.

Alhamisi, 24 Mei

Alikuja kweli, gizagiza la alfajiri, pampu imefungwa kwenye baiskeli ndani ya mkeka. Hakusalimia. Nikampa kopo la simsim, akazichambua sindano, akapuliza kila moja, akazirudisha kwenye vali. Kisha akapampu. Tairi moja ni mikono mia mbili, mia tatu, jasho lilimtiririka na kifua kilimkwaruza. Nilitaka kumpokea akakataa. Mimi nilishika geji na taa.

Geji ikasoma ishirini na nne mbele. Nyuma akapita ishirini na sita ya kawaida, akafika thelathini, kwa sababu ya mizigo na mashimo. Alinishika kifundo cha mkono — mara ya kwanza ananigusa — akasema haya polepole, kwa Kiswahili cha kunifundisha: njiani yatapata moto, geji itapanda, itasoma thelathini na nne, na sita. Usiguse. Ukitoa upepo wakati wa moto, jioni huna tairi, una mpira. Wacha hivyohivyo mpaka ufike. Nikarudia maneno yote. Akaridhika.

Nilimwomba atuuzie pampu. Alisema inabaki Pajulu. Nilimpa cherehani yangu, akaitazama, akaiacha pale uani. Aliondoka na baiskeli bila kugeuka na mimi nilisimama nikimtazama mpaka geti la jirani lilipomficha.

Mawe nimeyatoa chini ya gari, petroli nimeifukua na kuimimina. Tunaondoka sasa hivi. Hawah anasema mgongo unamuuma tangu usiku.

Bado Alhamisi, saa saba mchana

Tumekwama. Niandike upesi, daftari liko juu ya usukani. Nikiandika naonekana mwanamke aliyetulia.

Barabara ilikuwa mbaya lakini matairi yalishika. Maiti njiani, sikuhesabu. Mbwa. Lori limepinduka na watu bado wamo. Hawah alifunga macho, Habuba alisoma dua kwa sauti na kila shimo alishika ubavu wake. Vizuizi viwili tulipita kwa jina la Nasur. Cha tatu, maili chache kabla ya Koboko, juu ya kilima — Nasur mwenyewe.

Habuba aliruka nje na mbavu zake mbovu, akamkumbatia mwanawe, akalia. Amekonda. Macho mekundu. Ana wenzake wawili na rundo la vitu kando ya barabara: cherehani, betri za lori, magunia ya sukari, sanduku la chuma la duka la mtu. Alinitazama mimi, akalitazama gari, akasema: Vizuri. Gari yangu imefika.

Nilimwambia kwamba Hawah ana uchungu. Ni kweli, ulianza tukiwa Maracha. Akasema angoje, wanawake wanazaa kila siku. Wenzake wameenda Lobule kwa lori la kikosi kingine kuchukua mizigo iliyobaki; litawashusha hapa na kuendelea na safari yake. Wakirudi tunapakia yote na kuondoka pamoja, watu sita.

Hapo akapita mtu wa Lobule na baiskeli, mkulima, ana mkungu wa ndizi nyuma. Nasur alimwambia shuka. Yule mtu alikuwa anashuka! Mguu mmoja ulikuwa chini tayari. Nasur alimpiga risasi ya tumbo. Kisha akaenda akasimama juu yake, na yule mtu akamwita baba, baba, naomba, na Nasur akamaliza. Akarudi ananyoosha mkanda. Akampa mama yake ndizi.

Habuba alizipokea. Alikaa kwenye gari amezipakata, hakula. Mpaka sasa ziko pajani.

Kisha Nasur akachukua geji kwenye dashibodi. Jua la saa nne, matairi yametoka safari. Nyuma ilisoma thelathini na sita. Akasema ni mjinga gani amejaza hivi, yatapasuka. Nikamwambia usiguse, Baba Hawah, ni moto tu, asubuhi ilikuwa thelathini. Nani amekufundisha, akauliza. Nikasema fundi. Fundi gani? Nikatazama barabara. Akanipiga mdomoni na mkono ulioshika geji. Jino la mbele limelegea, nalisukuma kwa ulimi ninavyoandika. Kisha akapiga magoti akatoa upepo mwenyewe, nyuma mpaka ishirini na sita, mbele mpaka ishirini. Sauti ile ya upepo unatoka! Mikono mia tatu ya mtu yule, imekwenda na vumbi.

Nimepiga hesabu mara nyingi. Yakipoa nyuma itabaki ishirini au pungufu. Wanawake watatu na kapu moja, polepole, nikikwepa mawe — yanatufikisha mpakani. Wanaume watatu zaidi, na betri, na sukari, na sanduku lile — hayafiki hata Koboko. Yatapasuka kwenye mashimo, na Hawah atazalia mtaroni katikati ya watu hawa.

Wenzake bado. Nasikia lori mbali, au ni masikio yangu.

Nasur amelala. Kwenye kibaraza cha duka lililovunjwa, hatua kumi na tano kutoka hapa, mgongo ukutani, bunduki mapajani. Alisema siku tatu hajafumba macho. Aliniambia nikae kwenye usukani ili wakirudi tuondoke mara moja, na funguo ameniachia. Hata hakufikiri. Miaka ishirini na moja nimekaa nilipoambiwa nikae.

Nikiwasha hapa ataamka. Starta inapiga kelele mbili tatu kabla haijashika. Lakini barabara inateremka kutoka mbele ya boneti yangu mpaka kijito, nusu maili nzima. Gogo la kizuizi wameliacha kando tangu lori lilipopita. Nikilegeza breki ya mkono gari likaanza kwenda lenyewe, gia ya pili, nikaachia klachi huko chini — nimeshafanya hivyo mara nyingi, betri ikifa.

Chupa ya Hawah imepasuka. Kiti kimelowa. Anauma kitambaa chake asilie, amenishika bega, kucha zimeingia.

Habuba ameshuka. Sikumwambia kitu, lakini ameona jicho langu lilivyokwenda kwenye mteremko. Ameweka ndizi chini, kando ya barabara. Amesimama kati ya gari na kibaraza anamtazama mwanawe. Akimwita jina tu, tumekwisha. Nimemwomba kwa macho, hanitazami. Yule mtu wa Lobule bado yuko pale, nzi wameanza.

Lori ni kweli. Liko upande wa Lobule, linapanda.

Habuba amerudi. Ameingia nyuma. Ameushika mlango kwa mikono miwili, akauvuta taratibu, taratibu, mpaka ukashika bila sauti.

Mkono wangu uko kwenye breki